Jinsi ya kuanza kukusanya postikadi za reli za Afrika Mashariki

Nimekusanya postikadi za reli kwa miaka kumi na tisa, nyingi zikiwa za njia ya Tanga hadi Moshi ambayo baba yangu aliifanyia kazi. Wanaoniuliza pa kuanzia huwa tayari wameshanunua kadi thelathini za nchi kumi na hawajui wazifanyeje. Kwa hiyo tuanze kabla ya pesa.

Hatua ya 1: Chagua njia moja

Usiseme unakusanya treni; taja njia. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Kigoma 1914. Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901. Kila moja inatosha kukushughulisha maisha.

Ukitaka kitu kidogo zaidi, kuna reli ya Bububu, Unguja. Ilikuwa na urefu wa maili 7 hivi, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikipenya kwenye mitaa myembamba ya Mji Mkongwe, na iliacha kubeba abiria mwaka 1922. Au toroli za Mombasa: kiti juu ya magurudumu ya chuma, kitambaa cha kivuli juu yake, zikisukumwa na watu kwenye reli nyembamba za mitaani. Hizo ndizo tramu zetu. Katika kadi za toroli mimi hutazama nyuso za wasukumaji muda mrefu kuliko za waliokaa.

Hatua ya 2: Tafuta vifaa

Kioo cha kukuza mara 10, penseli laini ya 2B, rula, na tochi ndogo ya kukagulia noti bandia. Glavu si lazima. Nawa mikono, ikauke, shika kadi kwenye kingo.

Hatua ya 3: Geuza kadi, soma mgongo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi hupita haraka. Picha inakuonyesha garimoshi, lakini mgongo ndio unaokupa mwaka.

Tazama kwanza kama mgongo una mstari unaougawa mara mbili. Zamani upande huo ulikuwa wa anwani tu, na ujumbe uliandikwa kwenye ukingo wa picha. Uingereza iliruhusu mgongo uliogawanywa mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kadi ya Kijerumani ya Tanga yenye mwandiko uliobanwa chini ya picha, na mgongo usio na mstari, huenda ikawa ya kabla ya 1905. Nasema huenda, kwa sababu maduka yaliendelea kuuza akiba ya zamani.

Kisha stempu. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, stempu za heller, yaani senti za rupia ya Kijerumani, zilitoka 1905. Kabla yake zilikuwa za pesa, jina la sarafu ndogo ya wakati huo. Stempu ya kijani ya heller 4 ndiyo utakayoiona mara nyingi, maana ndiyo iliyokuwa nauli ya postikadi. Baada ya hapo soma muhuri wa posta, ukikumbuka kwamba tarehe yake ni ya siku kadi ilipotumwa. Picha inaweza kuwa imetangulia kwa miaka kadhaa.

Malizia na majina. Port Florence ni Kisumu. Neu-Moschi ni Moshi, Wilhelmstal ni Lushoto. Tafuta pia jina la mchapishaji: A. C. Gomes wa Zanzibar, C. Vincenti na Walther Dobbertin wa Dar es Salaam. Ukimzoea mchapishaji mmoja, utaanza kuzitambua kadi zake kabla hujazigeuza.

Hatua ya 4: Sasa rudi kwenye picha

Soma herufi zilizoandikwa kwenye kichwa cha treni na mabehewa. U.R. ni Reli ya Uganda, K.U.R. ni Reli ya Kenya na Uganda, baada ya jina kubadilishwa mwaka 1926, E.A.R. ni Reli za Afrika Mashariki, kuanzia 1948, reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipounganishwa. Ukiona rundo la kuni nyuma ya kichwa, usishangae: Reli ya Uganda ilichoma kuni miaka mingi.

Hatua ya 5: Pima uhalisi

Weka kioo cha kukuza juu ya anga, mahali pasipo na vitu. Picha ya kusafishwa kwa dawa haina nukta. Rangi inatiririka tu. Nukta zilizojipanga safu safu ni chapa ya mashine. Chapa peke yake haina ubaya, kwani kadi nyingi za zamani ni za chapa. Lakini kadi inayodaiwa kuwa picha halisi ya 1910 na ina nukta, iache. Kisha zima taa, washa tochi ya noti. Karatasi ya zamani hubaki imefifia. Ikiwaka bluu kali, ina dawa ya kung'arisha iliyoanza kutumika sana kwenye karatasi miaka ya 1950.

Hatua ya 6: Hifadhi

Tumia mifuko ya plastiki ya polipropilini, kamwe si ya plastiki ya PVC. Usilamineti. Usitumie selotepu wala albamu ya kurasa zenye gundi. Mwaka wangu wa pili nilibandika kadi ya stesheni ya Korogwe kwenye albamu ya namna hiyo. Nilipoibandua, mgongo ulibaki kwenye ukurasa, na ujumbe wa aliyeiandika ukaenda nao. Bado naiweka, na bado inaniuma.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu. Msimu wa masika, sogeza sanduku mbali na ukuta, weka ndani vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, na kagua ukungu kila wiki.

Hatua ya 7: Andika, kisha watafute wazee

Skani pande zote mbili. Ipe kila kadi namba, uiandike kwa penseli kwenye kona ya mgongo, na daftarini uandike ulipoinunua na bei. Halafu chapisha nakala kubwa ya picha, umpelekee mzee aliyefanya kazi relini. Mpe shikamoo, mwachie picha mkononi, usimharakishe. Mzee mmoja hapa Tanga alinionyesha kwa kidole tangi la maji ambalo nilikuwa nimelipita mara mia, akanitajia stesheni ambayo kadi yenyewe haikuitaja. Jina hilo liko daftarini, pamoja na tarehe aliyonitajia.