SOMO: Siku mbili Lisbon na marafiki, begi mgongoni

Wakuu, kila likizo ikikaribia napokea ujumbe uleule. Vijana wanaosoma Ujerumani, Uholanzi au Poland wamepata tiketi ya ndege ya bei chee kwenda Lisbon, wako wanne au watano, wana siku mbili, wanauliza waanzie wapi. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena mleteni huku.

Niseme mapema ninachoamini: Lisbon ya siku mbili ni mji wa kutembea. Kundi linalopoteza nusu siku kwenye foleni ya tramu ili lipige picha halijauona mji.

1. Karatasi. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, abebe kadi ya kibali NA pasipoti, hata kama ndege yake inatokea humohumo Schengen. Mwenye viza atazame imeandikwa kuingia mara ngapi. Ukiwa Lisbon, Morocco inaonekana karibu na nauli inavutia, lakini ukitoka na viza ya kuingia mara moja, hurudi.

2. Malazi. Hosteli iwe katikati ya mji: Baixa, Rossio au Martim Moniz. Ukifika, omba kuacha mabegi hata kama muda wa chumba bado. Kuna kodi ya jiji ya euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi hulipwa mapokezi, nje ya bei uliyolipia mtandaoni. Msigombane na wahudumu.

3. Pesa. Toeni kwenye mashine zenye alama ya Multibanco. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa euro au kwa sarafu ya kadi yako, chagua euro.

4. Kadi ya usafiri. Someni hapa taratibu.
Metro ya uwanja wa ndege iko nje tu ya ukumbi wa wanaowasili. Panda njia nyekundu, badilisha Alameda, shika njia ya kijani ya kuelekea Cais do Sodré, shuka Rossio. Hilo ni jepesi. Ugumu uko kwenye mashine ya tiketi. Mashine inauza kadi ya karatasi inayoitwa navegante, ya senti 50, ambayo ndani yake unaweka safari au salio. Kundi letu lilinunua kadi moja, likaweka humo safari za watu wote, kama mtu anavyomlipia kondakta kwa niaba ya wenzake. Wa kwanza alipita getini. Wa pili akagusa, geti likakataa, na mwenzetu yuko ng'ambo na begi la chakula. Tukarudi kupanga foleni upya, na zile safari tulizolipia zikabaki za mtu mmoja.

Kwa hiyo: KILA MTU NA KADI YAKE. Kadi inasomwa kuingia na kutoka, kwa hiyo hata ukijibana nyuma ya mwenzako, kituo cha kushukia kitakukamata, na faini ya kusafiri bila tiketi halali ni kubwa mara nyingi kuliko nauli.

Onyo la pili: kadi moja haichanganyi aina mbili. Ukishaweka salio la kukatwa kidogokidogo, wao wanaliita zapping, huwezi kuongeza juu yake tiketi ya saa 24 mpaka salio liishe. Amueni kabla ya kugusa mashine. Kwa siku mbili za kutembea, zapping inatosha, na inakubaliwa pia kwenye treni ya kwenda Belém, mtaa wa siku ya pili, na kwenye kivuko cha mtoni. Tiketi ya kawaida ya saa 24 ya metro na mabasi haikupandishi treni.

Onyo la tatu: kadi ya karatasi ikilowa mfukoni mwa jasho inakufa. Iwekeni kwenye pochi.

5. Siku ya kwanza, kwa miguu. Anzieni Rossio, mwingie Largo de São Domingos. Hapo mchana mtawakuta Waafrika, wengi kutoka Guinea-Bissau, wamesimama wakizungumza na akina mama wakiuza kola na vitu vya nyumbani. Msipite mkikimbia. Ingieni kanisani: liliungua mwaka 1959 na nguzo zake bado zina majeraha ya moto, hazikufichwa kwa plasta. Nje kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa mjini humo mwaka 1506. Kisha pandeni Mouraria hadi Graça, mtazame mji kutoka Senhora do Monte, mshuke kupitia Alfama hadi Praça do Comércio. Uwanja huo mpana ulikuwa na jumba la kifalme mpaka tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 lilipouangusha mji. Vaeni raba zenye soli inayoshika. Vijiwe vyeupe vya njiani vikilowa vinateleza vibaya.

6. Siku ya pili, Belém. Treni kutoka Cais do Sodré, au tramu 15. Jumatatu nyumba ya watawa ya Jerónimos hufungwa, msiende. Vitumbua vya maziwa vya Pastéis de Belém vinauzwa hapo tangu 1837. Foleni ya nje ni ya wanaobeba, ndani kuna nafasi kubwa ya kukaa.

7. Mkate wa mezani. Ukikaa mgahawani utaletewa mkate, zeituni na jibini bila kuagiza. Si zawadi. Ukigusa unalipa, usipogusa hulipi, na sheria ya Ureno iko upande wako. Sema hapana kwa upole, virudishwe.

8. Wachomozi. Tramu 28 ndiyo shamba lao. Begi lije mbele kifuani. Na wanaonong'ona Baixa wakikuuzia bangi, usisimame.

Maswali karibuni.

—

Chuma cha Reli: Mkuu asante kwa somo. Sasa sisi tuko watano, kadi moja inatosha au tununue mbili?

Mwandishi: Hatua ya 4. Tano.

Bint Pwani: Kaka, asante sana. Mimi na dada yangu hatuli nguruwe na tunatafuta halali. Tutashinda na mkate?

Mwandishi: Hapana dada, mtakula vizuri. Nendeni Martim Moniz, hasa mtaa wa Rua do Benformoso, kuna migahawa ya Wabangladeshi na Wahindi, halali imeandikwa mlangoni. Ijumaa uko msikiti mkuu wa Lisbon, umefunguliwa mwaka 1985, karibu na Praça de Espanha. Waislamu wengi wa huko walitokea Msumbiji. Angalieni supu ya caldo verde: inaonekana ni viazi na sukuma tu, lakini kwa kawaida huwekwa vipande vya soseji ya nguruwe. Samaki wa kuchoma ndio salama yenu, na dagaa wao wakubwa mtawapenda.

Jitu Kubwa: Viza napataje? Nitumie fomu PM.

Mwandishi: Sitoi viza na sina fomu. Omba ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na uwe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Mengine yako kwenye tovuti yao.

Msafiri Huru: Unatisha watu bure. Nimeenda Lisbon, nikala mkate wote wa mezani na hakuna aliyenilipisha.

Mwandishi: Ulitazama risiti? Tafuta humo neno "couvert", ndivyo wanavyouita mkate huo wa mezani na vinavyokuja nao. Ipo migahawa isiyotoza, lakini siwezi kuwaambia wanafunzi wale kwa kubahatisha. Kundi la watu watano, kila mtu na mkate wake na jibini lake, ni pesa ya chakula cha jioni.

Mtoto wa Malindi: Mwalimu, nimekulia karibu na nguzo ya Vasco da Gama. Nasikia kaburi lake liko huko Belém. Linaonekana, au mpaka ulipie?

Mwandishi: Swali zuri, nilitamani mtu aliulize. Kaburi liko ndani ya kanisa la Jerónimos, ukiingia tu, na kanisa huingiwa bure. Kinacholipiwa ni ua wa ndani wa watawa, kwa hiyo usisimame foleni isiyo yako. Ng'ambo ya kaburi lake yuko mshairi Camões.

Wewe wa Malindi utaliona kwa jicho lingine. Aprili 1498 Mombasa haikumwamini, Malindi ikampokea na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Mwaka 1505 meli za Wareno zikarudi na kupora Kilwa na Mombasa. Jengo lile zuri la Jerónimos lilianza kujengwa miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne ya 16, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Kwa hiyo tazama mawe yale yaliyochongwa kama kamba za meli ukijua pwani yako imo ndani yake. Waongozaji wengi hawalisemi. Waambie wenzako kabla hamjaingia, msiongee kwa sauti ndani maana ni mahali pa ibada.

Mtoto wa Malindi: Nimepata nilichotaka. Nitaenda asubuhi.

Mama Ntilie wa Leiden: Niongezee. Jua likikaribia kuzama pandeni kivuko Cais do Sodré hadi Cacilhas. Kwa nauli ndogo mnauona mji wote kutoka mtoni.

Mwandishi: Kweli kabisa dada, na zapping inafanya kazi pale.

Chuma cha Reli: Na wale tusioshiba bila ugali?

Mwandishi: Hilo ni swali. Mkipata mgahawa wa Cape Verde, agizeni cachupa: mahindi na maharage, kande kabisa, ila waulizeni ina nyama gani. Mkitaka kusonga wenyewe, hakikisheni hosteli ina jiko, kisha tafuteni farinha de milho madukani.

Mama Ntilie wa Leiden: Chagueni nyeupe, iliyosagwa laini. Ya njano yenye chenga ni ya uji wao mzito, inachukua muda mrefu kuiva na haishikani. Na mwiko mwende nao, hosteli wana vijiko vya mbao vyembamba, vinavunjika.