Kuhudhuria Mazoezi na Maonyesho ya Opera: Mwongozo kwa Msafiri wa Dar es Salaam

Tamasha la Salzburg nchini Austria, lililoanzishwa mwaka 1920 na linaloonyesha opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa, hufanyika Julai na Agosti, kwa hiyo anayetoka Dar es Salaam aanze maandalizi mapema: maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Austria ikiwemo, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Tiketi inunuliwe kwa waandaaji wenyewe.

Soma kisa chote cha opera na uisikilize nyumbani mara mbili tatu, kwa sababu tafsiri inayoonyeshwa juu ya jukwaa hupita haraka na itakuondolea macho kwa waimbaji.

Ukibahatika kuingia kwenye mazoezi ya mwisho, yenye mavazi na taa kamili, usishangae mwimbaji akiimba kwa sauti ya chini au akishusha noti ya juu, kwani anaitunza sauti yake kwa usiku wa onyesho. Mwongozaji wa okestra anaweza kusimamisha kila kitu na kurudia mistari michache, na kwangu mimi hapo ndipo utamu wenyewe ulipo, maana unaisikia kazi ikijengwa. Usipige picha wala kurekodi.

Siku ya onyesho fika nusu saa kabla. Milango ikifungwa, mchelewaji huweza kusubiri nje hadi mapumziko. Sisi tuliolelewa na taarabu tumezoea kuinuka na kumtunza mwimbaji wimbo ukiwa umekolea, lakini kule hakuna anayepanda jukwaani. Subiri wimbo uishe, kisha upige makofi kwa moyo wote.