SOMO: Moyo unarukaruka, daktari kasema mzima, na bado unaogopa

Wadau, somo hili ni la mtu aliyeshapimwa, akaambiwa moyo wake hauna ugonjwa, na bado kila ukiruka anadhani leo ndiyo leo. Kama hujapimwa, soma hatua ya kwanza tu, kisha nenda hospitali; mengine utayakuta. Mimi ni muuguzi hapa Mwanza na mapigo haya ninayo mwenyewe, kwa hiyo nitachanganya ya wodini na ya nyumbani.

Hatua ya 1: Pimwa, na upimwe vizuri

Si presha tu kwa yule kijana mwenye meza pale stendi. Wapo watu walioanza kumeza vidonge vya presha vya jirani kwa sababu moyo ulidunda usiku mmoja. Unachohitaji ni daktari akusikilize kifua, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kipimo cha wingi wa damu, na mara nyingi homoni za tezi ya shingoni. Damu ikipungua moyo hukimbia. Tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi, hivyo hivyo. Homa ya malaria nayo. Anzia kituo kilicho karibu nawe au hospitali ya Sekou Toure. Daktari akiona haja ya eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), au ile mashine ndogo ya kuvaa saa 24 inayorekodi mapigo, atakuelekeza, pengine hospitali ya Bugando.

Usingoje miadi kama umezimia au umenusurika kuzimia, kama kifua kinabana, kama unakosa pumzi hata umelala, au kama moyo umeanza mbio ghafla na haushuki ingawa umetulia. Mapigo yanayokujia katikati ya kazi nzito au mazoezi, pamoja na kizunguzungu, nayo ni ya kuwahi hospitali. Na mwambie daktari bila kuulizwa kama kwenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, au kama utotoni uliambiwa una tatizo la valvu za moyo.

Kabla ya kutoka chumbani kwake, uliza: "Dokta, yakirudi haya haya, nifanye nini? Na nikiona nini ndiyo nirudi?" Andika jibu kwenye karatasi. Saa nane usiku utasoma hiyo, usipekue intaneti.

Wapo watakaokuambia umetupiwa kitu. Sibishani na imani ya mtu, ila maombi au kombe visichukue nafasi ya ECG.

Hatua ya 2: Jua kishindo kinatoka wapi

Moyo unaongozwa na umeme wake wenyewe. Mara nyingine sehemu nyingine ya moyo inawahi, pigo linakuja kabla ya zamu. Hilo huwa dhaifu, hulisikii sana. Baada yake moyo unatulia kidogo zaidi ya kawaida, damu inajaa zaidi, na pigo linalofuata linatoka na nguvu. Hicho ndicho kishindo kinachokufanya ushike kifua. Ni kama mwanakwaya aliyeingia kabla ya wenzake: wimbo unayumba, haukatiki. Ukimvalisha mtu mwenye afya ile mashine ya saa 24, mara nyingi utayakuta mapigo ya namna hii naye hana habari.

Wewe una habari, hapo ndipo shida inapoanza. Umesikia, ukaogopa, mwili ukamwaga homoni za hofu, moyo ukakimbia na ukazidi kurukaruka, ukasema "nilijua tu". Hofu yenyewe inauongezea moyo mbio.

Hatua ya 3: Acha upelelezi

Hii ndiyo hatua ngumu, na kwa maoni yangu ndiyo somo lenyewe. Mapigo huenda yasiishe. Kinachoweza kuisha ni kuyachunga.

Jichunguze: vidole viwili shingoni ukiwa kwenye daladala. Kidole kwenye kamera ya simu, programu inakuhesabia. Saa janja unayoitazama kila dakika. Mashine ya presha iliyohamia chini ya mto. Kumwamsha mke wako, "hebu niguse hapa". Kila kimojawapo kinakupa nafuu ya muda mfupi, kisha akili inajifunza kwamba bila kupima hupo salama. Kesho utataka kupima mara mbili.

Usiache vyote siku moja. Anza na kile rahisi. Mashine ya presha mpe dada yako wa mtaa wa pili akae nayo, isipokuwa daktari amekuagiza ujipime. Hamu ya kushika mkono ikija, iahirishe: subiri hadi umalize kuosha vyombo, halafu uone kama bado unaitaka. Mara nyingi itakuwa imepoa. Na mwenzako nyumbani mwombe asikujibu tena "huna kitu" kila unapouliza, aseme tu, "karatasi ya daktari inasemaje?" Atajiona mkatili mwanzoni. Mweleze.

Hatua ya 4: Likija, endelea na ulichokuwa unafanya

Kama ulikuwa unachambua mchele, chambua. Usikimbilie kulala, usishike kifua. Toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta: vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6, bila kulazimisha. Ukihema harakaharaka vidole vitafanya ganzi na kichwa kitakuwa chepesi, na wengi hudhani hiyo ndiyo dalili ya kufa. Ni pumzi hiyo tu. Hofu kali hupanda, ikafika kileleni, mara nyingi ndani ya dakika 10 hivi, kisha ikaanza kushuka, hata usipofanya lolote.

Hatua ya 5: Rudi ulikokimbia

Watu wa ziwani tuna hofu yetu maalumu: katikati ya maji hakuna hospitali. Namjua mtu wa Ukerewe aliyeacha kwenda kwao hata misibani kwa hofu hiyo. Dawa yake ni ngazi. Kwanza tembea ufukweni. Kisha panda kivuko cha Kamanga, uvuke Ghuba ya Mwanza na kurudi, mchana, na mtu. Rudia hadi ikuchoshe. Kisha peke yako. Safari ya Nansio, kule Ukerewe, iwe ya mwisho. Moyo ukiruka ndani ya kivuko ni vizuri zaidi, maana umejifunza ukiwa pale pale.

Milima nayo. Ukipanda mawe ya Mabatini hadi mlangoni kwako moyo lazima udunde, na wa jirani yako unadunda pia. Daktari akikuruhusu, acha bodaboda siku moja moja, upande.

Hatua ya 6: Vichochezi

Chai ya rangi nzito, kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, sigara, pombe, kutolala, kutokunywa maji. Baadhi ya dawa za mafua, na pampu ya pumu, nazo hukimbiza moyo. Usiache pampu, mwambie daktari. Punguza, lakini usigeuze chakula kuwa upelelezi mpya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau, Igoma: *Mbona nikilalia ubavu wa kushoto ndiyo unadunda zaidi?*

Ukilala hivyo moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua, na usiku hakuna kelele za kuufunika. Geuka, ulale.

Mvuvi wa dagaa, Igombe: *Usiku kucha nakunywa vile vya kopo ili nisisinzie. Asubuhi moyo mbio.*

Mkuu, jibu unalo mkononi. Usikate ghafla, kichwa kitakuuma. Punguza kopo moja moja. Siku za mbalamwezi msizoingia ziwani, lala usiku, uone mapigo yanasemaje. Yasipopungua, kapime.

Dada, Buhongwa: *Duka la dawa wamenipa propranolol nimeze nikisikia hofu.*

Hiyo ni dawa ya kupunguza kasi ya moyo. Bila daktari, usimeze. Kwa mwenye pumu ni hatari. Na kama umeshaitumia kila siku kwa muda, usiiache ghafla pia. Kamwone daktari akuelekeze.

Mama kijacho, Nyegezi: *Je, ni ujauzito tu?*

Ujauzito huongeza damu na mapigo, kwa hiyo huenda ikawa hivyo. Ila sema kliniki, wapime wingi wa damu. Ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, au miguu ikivimba sana, wahi, hata kama umeshajifungua.

Mdau, Kirumba: *Nimepimwa hospitali tatu, wote wanasema mzima. Naona wamekosea.*

Kaka, ya nne itakupa amani ya wiki, kisha utaitafuta ya tano. Kinachokuumiza sasa ni hofu, nayo ina tiba. Omba rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Tiba ya mazungumzo husaidia sana kwa hili. Kwenda huko si kuambiwa una wazimu.

Mzazi, Sengerema: *Mwanangu wa miaka tisa aliumwa koo, sasa viungo vinamuuma na moyo unamwenda mbio. Nimfundishe hizi hatua?*

Hapana, mama. Mpeleke hospitali leo. Koo lisilotibiwa huweza kuleta homa inayoharibu valvu za moyo wa mtoto. Waeleze kwanza habari ya koo, kisha viungo.