Namna ya Kumfuatilia Mgonjwa Baada ya Upasuaji kwa Ajili ya Utafiti wa Usingizi na Ganzi

Wengi wetu tunaotoa dawa za usingizi huhesabu kazi imekwisha pale mgonjwa anapoamka, akaitikia jina lake na kupelekwa wodini. Hata hivyo, katika utafiti uliofanywa mwaka 2016 kwenye hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, wagonjwa 225 kati ya 239 waliofariki walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Kwa hiyo anayekusudia kufanya utafiti katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, hata uwe mdogo, apange tangu mwanzo kumfuata mgonjwa wodini na nyumbani. Maelezo haya yanahusu utafiti wa kufuatilia tu, usiobadilisha matibabu.

Chagua tokeo kuu moja, yaani jambo utakalolipima kuliko mengine yote, na ulichague kwa hesabu. Katika utafiti huo waliofariki walikuwa asilimia 2.1, na waliopata madhara baada ya upasuaji asilimia 18.2. Ukiandikisha wagonjwa 300 na hali ya hospitali yako ikafanana na hiyo, utapata vifo 6 hivi, idadi ndogo mno kuweza kukueleza kwa uhakika kilichovisababisha. Wenye madhara watakuwa kama 55, na kiwango utakachokipata kitaweza kupishana na hali halisi kwa takribani asilimia 4 juu au chini, jambo linalovumilika. Kila dhara liandikiwe maana yake kabla ya kumwandikisha mgonjwa wa kwanza: “kidonda kimeharibika” haitoshi, lakini “usaha umetoka kwenye mshono ndani ya siku 30” inaeleweka vilevile kwa muuguzi wa zamu ya usiku na kwa daktari wa asubuhi.

Itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, na fomu ya ridhaa vipelekwe kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Tanzania Bara kibali cha kitaifa hutolewa kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu; Kenya, baada ya kamati ya maadili, huombwa leseni ya NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Ridhaa isiombwe mgonjwa akiwa amekwishalazwa kwenye meza ya upasuaji, kwa sababu hapo atakubali lolote. Kwa upasuaji uliopangwa, zungumza naye siku moja kabla. Mama anayekimbizwa kufanyiwa upasuaji huku uchungu umemshika hawezi kusikiliza kurasa mbili za maelezo. Iombe kamati mapema ikuruhusu kumweleza kwa utulivu baadaye, akiwa huru kabisa kukataa taarifa zake zisitumike. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, kisha aweke dole gumba.

Sehemu inayoharibu tafiti nyingi ni kuwakosa wagonjwa wa usiku na wa mwisho wa wiki. Hao ndio mara nyingi huja wakiwa hoi, na wakikosekana, matokeo yako yatapendeza kuliko hali halisi. Kila asubuhi, kabla ya chai, fungua daftari la chumba cha upasuaji, weka kidole kwenye kila jina la saa 24 zilizopita, na ulinganishe na fomu zako. Ambaye hana fomu mtafute wodini siku hiyo hiyo, na ukimkosa, andika kwamba alikosekana na sababu yake. Kagua pia namba zenyewe: fomu inayoonyesha presha ya 120/80 kila dakika 5 tangu mwanzo hadi mwisho haikutokana na mashine, ilijazwa baadaye kwa kukisia. Usimgombeze aliyeijaza, keti naye, kwa kuwa pengine alikuwa peke yake akimhudumia mama na mtoto kwa wakati mmoja.

Kwa simu utakayompigia mgonjwa siku ya 30 baada ya upasuaji, chukua namba mbili tangu mwanzo na uandike kila moja ni ya nani, maana simu nyingi ni za mume, dada au jirani. Akipokea mwingine, omba kuzungumza na mgonjwa bila kutaja upasuaji wala ugonjwa. Ukimpata, usitegemee “unaendeleaje?”, kwa sababu sisi tumelelewa kujibu “salama” au “namshukuru Mungu” hata tukiwa na maumivu. Baada ya salamu uliza mambo yanayoonekana: je, mshono umewahi kutoa usaha? Umepata homa? Umerudi hospitali yoyote tangu uruhusiwe? Mwenye dalili ya hatari aelekezwe kurudi hospitali siku hiyo hiyo, nawe umpigie tena kesho yake kuhakikisha amefika.

Ukiambiwa amefariki, weka kalamu chini, toa pole na usikilize. Tarehe ya kifo na mahali kilipotokea vinatosha kwa siku hiyo. Mengine uliza tu iwapo ndugu mwenyewe yuko tayari kuyasema, au omba ruhusa ya kupiga tena baada ya msiba kuanuliwa.