Kabla kanzidata haijaharibika: mambo ya kuandaa kwa ofisi za Dodoma na Kanda ya Kati

Kanzidata ya kazi ikiharibika, hasara kubwa mara nyingi haitokani na ule uharibifu wenyewe. Inatokana na nusu saa ya kwanza, pale mtu anapoanza kuitengeneza papo hapo, kwenye diski ileile, huku simu zinaita na foleni ya wateja inarefuka dirishani. Ndiyo maana maandalizi yote yaliyomo humu yana lengo moja: siku hiyo usilazimike kuigusa data iliyoharibika. Uwe na mahali pengine pa kufanyia kazi, nakala nyingine ya kuanzia, na ruhusa ya kusimamisha huduma bila kusubiri kikao. Mifano mingi ni ya PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata. Pale MySQL, programu nyingine ya kazi hiyo, inapotofautiana, imetajwa.

Anza na nafasi. Kabla ya jaribio lolote la kurekebisha, huduma ya kanzidata inazimwa na saraka yote ya data inanakiliwa kama ilivyo, pamoja na uharibifu wake. Hiyo ndiyo nakala ya kurudia ukikosea. Kwa data ya GB 200, diski ya nje ya USB inayoandika MB 100 kwa sekunde itachukua kama dakika 35. Muda huo unavumilika. Kisichovumilika ni kuanza kuitafuta diski yenyewe madukani Jumapili jioni. Inunuliwe leo, iwe na ukubwa unaozidi data yako angalau mara moja na nusu, ibandikwe lebo na ifungiwe kabatini. Iwe imeumbizwa kwa ext4 au xfs, kwa sababu FAT32 inakataa faili linalozidi GB 4 na haihifadhi mmiliki wala ruhusa za faili. Kama `dmesg` (ujumbe wa mfumo endeshi) inaonyesha hitilafu za kusoma diski, usitumie `cp`. Tumia `ddrescue`, ambayo inachukua kwanza sehemu zinazosomeka na kuziacha zile mbovu ziwe za mwisho. Programu hiyo nayo iwe imesakinishwa kabla.

Pamoja na diski inahitajika seva ya akiba. Si lazima iwe mpya au kubwa, lakini iwe na toleo kuu lilelile: saraka ya data ya PostgreSQL 14 haiwaki kwenye 15. Mfumo endeshi nao uwe uleule. Toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi ya Linux, lilibadilisha mpangilio wa herufi, na data iliyohamishwa kutoka Ubuntu 18.04 kwenda 20.04, au kutoka Debian 9 kwenda 10, huweza kuishia na indeksi za maandishi (faharasa za kutafutia) zisizoaminika: mteja yumo kwenye jedwali lakini ukimtafuta kwa jina haonekani. Ukilazimika kuhama hivyo, fanya `REINDEX`, yaani jenga indeksi upya, kabla ya kuruhusu watumiaji.

Vifurushi vya usakinishaji navyo vikae kwenye diski ya ofisini. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini kote. Mwenye bakapu yake yote nje ya nchi siku kama hiyo anayo kwenye karatasi tu. Hata siku ambayo intaneti ni nzima, piga hesabu: kupakua GB 200 kwa laini inayotoa Mbps 20 za kweli ni zaidi ya saa 22. Kwenye mtandao wa ndani wa Gbps 1 ni kama nusu saa. Basi nakala moja iwe jengo lilelile kwa ajili ya kasi, na nyingine mbali kwa ajili ya moto na wizi. Ofisi iliyoko Mtumba inaweza kuhifadhi ya pili mjini kati. Yenye tawi Manyoni au Singida itumie tawi. Kama unatumia wingu la nje ya nchi na data ina majina, namba za simu au taarifa za wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya mipaka. Yasomwe kabla ya mkataba.

Sasa bakapu zenyewe. Zinahitajika za aina mbili, maana kila moja inafidia udhaifu wa mwenzake. `pg_dump` ya kila usiku inasoma kila mstari wa kila jedwali, hivyo ukurasa ulioharibika mara nyingi utaikwamisha na utajua asubuhi. Lakini inarudisha hali ya usiku tu, na haisemi lolote kuhusu indeksi mbovu. Ya pili ni `pg_basebackup` ya kila wiki (bakapu ya msingi, yaani nakala ya mafaili yote ya kanzidata) pamoja na kumbukumbu za WAL, yaani daftari la kila badiliko, zinazohifadhiwa mfululizo. Hii ndiyo inayokuwezesha kurudi hadi dakika unayotaka. WAL inaandikwa kwa mafaili ya MB 16. Ukiweka `archive_timeout` kuwa sekunde 300, faili linafungwa angalau kila dakika 5 data inapoingia, kwa hiyo diski kuu ikifa ghafla hasara yako iko kwenye dakika 5 hivi. Gharama yake ni nafasi: mafaili 288 kwa siku, yaani karibu GB 4.6 hata kama kazi ni ndogo, ingawa yakibanwa hupungua sana. Na weka kengele kwenye `archive_command`, amri inayopeleka WAL kwenye hifadhi. Amri hiyo ikishindwa, PostgreSQL haitupi WAL. Inazirundika kwenye `pg_wal` mpaka diski ijae na seva isimame yenyewe. Kwa MySQL, kazi hiyo ya WAL inafanywa na binlog, daftari lake la mabadiliko: chukua `mysqldump --single-transaction`, hakikisha nafasi ya binlog imeandikwa ndani ya bakapu, na mafaili ya binlog yanakiliwe kwenye mashine nyingine.

Replika, yaani seva ya pili inayofuata kila badiliko la seva kuu, si bakapu. Diski ya seva kuu ikiharibu ukurasa, mara nyingi replika inabaki salama, kwa kuwa inapokea WAL, haipokei kurasa zilizoko diskini. Ila mtu akisahau `WHERE` kwenye `DELETE`, kosa linafika replika ndani ya sekunde. Ukiwa na mashine ya ziada, weka `recovery_min_apply_delay` (ucheleweshaji wa makusudi) ya saa 2 au 3 kwenye replika mojawapo. Ni nafuu kuliko inavyosikika.

Halafu kuna muda wa kutunza. Uharibifu unaweza kukaa kimya wiki kadhaa kwenye jedwali ambalo halisomwi mpaka mwisho wa mwezi. Ofisi inayotunza bakapu za siku 7 inajikuta na bakapu saba zenye ugonjwa uleule. Za kila siku 14, za kila wiki 8 na za kila mwezi 12 ni kiwango cha busara kwa taasisi ya kawaida. Seva ya bakapu ndiyo iende kuchukua nakala kwenye seva ya kazi, isiwe seva ya kazi inayosukuma, ili anayeivamia seva ya kazi asiwe na njia ya kufuta bakapu.

Mfano unaostahili kusomwa na kila mtaalamu wa TEHAMA ni wa GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya pili. Bakapu za `pg_dump` zilikuwa zinashindwa kwa muda, kwa sababu programu iliyokuwa inaendeshwa ilikuwa ya toleo 9.2 na kanzidata ilikuwa 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua. Waliokolewa na snapshoti (nakala ya diski ya papo hapo) iliyochukuliwa kama saa 6 kabla, na data ya hizo saa 6 ikapotea. Funzo la kuchukua hapo ni dogo na la vitendo: usitegemee ujumbe wa kushindwa, tegemea ujumbe wa kufaulu. Kila asubuhi mtu fulani aone ukubwa wa faili la jana na la juzi. Faili la GB 12 likigeuka kuwa KB 20, hahitaji kuwa mtaalamu kujua kuna jambo.

Ili kugundua uharibifu mapema, washa cheksamu za kurasa, yaani namba za kuhakiki kwamba ukurasa haujabadilika. Kwenye PostgreSQL 18 zinakuja zimewashwa. Matoleo ya 12 hadi 17 huwashwa kwa `pg_checksums --enable` seva ikiwa imezimwa, kazi ya usiku mmoja. Zikiwepo, `pg_basebackup` inazikagua inaponakili. Bila hizo, ukurasa wa KB 8 unaweza kurudisha takwimu za uongo bila kelele. Kwa indeksi, endesha `pg_amcheck` kila wiki. RAM ya seva iwe ya ECC (inayojisahihisha makosa), kwani kosa linalotokea kwenye kumbukumbu kabla cheksamu haijakokotolewa litahifadhiwa likiwa na cheksamu sahihi kabisa.

Kwa huku kwetu, umeme na vumbi vinastahili kutajwa peke yake. UPS ambayo haijaunganishwa na seva kwa waya wa USB inachelewesha ajali tu. Betri ikiisha, seva inakatika vilevile. Iunganishwe, programu ya NUT au apcupsd iizime seva kwa utaratibu chaji inapobaki, tuseme, asilimia 30, na jaribio lifanywe kwa kuchomoa plagi kweli. Betri za risasi hudumu miaka 3 hadi 5 kwenye chumba cha nyuzi 25. Chumba kinachopikwa na joto la Oktoba na Novemba hufupisha umri huo sana. Vumbi la kiangazi linaziba feni na vichujio, kwa hiyo usafi wa seva ufanywe kila mwezi kuanzia Juni hadi mvua zianze. SSD za bei nafuu za kompyuta za mezani hazina kapasita za kulinda data umeme unapokatika, na baadhi hujibu kwamba zimeandika wakati bado. Na mtu yeyote asizime `fsync` au `full_page_writes`, mipangilio inayolinda data umeme ukikatika, ili mfumo uende kasi. Kwenye `smartctl -a`, inayoonyesha afya ya diski, angalia mistari ya 5, 197 na 198. Namba ikipanda wiki hadi wiki, diski ibadilishwe kabla haijafa.

Jambo dogo linaloharibu urejeshaji mzuri ni saa. Mtunza fedha atakuambia mambo yalianza kuharibika saa tano kasoro dakika kumi. Hiyo ni 10:50 kwa saa za Afrika Mashariki, na ikiwa seva inatumia UTC, kwenye logi utaikuta kama 07:50. Mtu mwenye haraka ataandika 04:50, au 10:50 bila kutaja kanda, na akarejesha hali isiyo yenyewe. Kwenye kiolezo cha urejeshaji andika kabisa umbo linalotakiwa: `recovery_target_time = '2025-06-30 10:50:00+03'`. Acha `recovery_target_action` ibaki `pause`, ili kanzidata isimame hapo uiangalie kabla ya kuifungua. Ukiona umesimama mapema mno, unazima, unasogeza muda mbele na kuendelea. Ukipita muda, hakuna kurudi nyuma. Unaanza upya kutoka kwenye bakapu ya msingi. Kwa hiyo anza na muda wa mapema kidogo.

Taratibu hizi zichapishwe. Mwongozo uliohifadhiwa kwenye seva iliyokufa haumsaidii mtu, na ufunguo wa kusimbua bakapu ukiwa kwenye seva hiyohiyo, bakapu zote ni takataka. Nywila na funguo ziingie kwenye bahasha iliyofungwa, kwenye sefu, na watu wawili wajue ilipo. Karatasi hiyohiyo itaje nani anaruhusiwa kuzima huduma (jina la cheo na namba ya simu, na mbadala wake akiwa safarini Dar), na mkuu wa taasisi asaini dakika ngapi za data anakubali kupoteza na saa ngapi za kusimama. Kwa herufi kubwa iandikwe pia marufuku: hakuna `pg_resetwal`, hakuna `zero_damaged_pages`, hakuna `innodb_force_recovery` ya 4 au zaidi, mpaka nakala ghafi iwe imekamilika na kazi iwe inafanyika juu ya nakala hiyo. Amri hizo huiwasha kanzidata kwa kutupa sehemu ya ukweli wake. Ukiishazitumia, unachofanya ni kutoa data nje na kujenga kanzidata mpya. Usirudi kazini na ile ya zamani.

Zoezi la kurejesha lifanywe kila robo mwaka, na aliyetengeneza mfumo asiwe yeye anayelifanya. Apewe karatasi, seva ya akiba na saa ya ukutani. Wiki za mwisho wa Juni ziachwe, maana kufunga mwaka wa fedha kunatosha kuwa zoezi.

Mwisho, andaa namna ya kujaza pengo. Hata ukirejesha vizuri, kuna dakika ambazo hazimo, na ndani yake watu walilipa. Ripoti za miamala za benki na za kampuni za simu ndizo zitakazojaza, hivyo ujue kabla nani wa kumpigia na ripoti inakuja kwa umbo gani, na safu ya namba ya muamala iwekewe sharti la kutojirudia, ili kuingiza ripoti mara mbili kusimzidishie mteja malipo. Kuna mtego mmoja zaidi: namba za stakabadhi. Kanzidata iliyorudi nyuma haijui kwamba stakabadhi ya 48210 hadi 48265 zilishatolewa kwa wateja, na itazitoa tena kwa watu wengine. Kabla ya kufungua dirisha, sogeza mfuatano mbele kwa `setval` hadi, mfano, 49000, andika sababu kwenye daftari la matukio, na mpe mhasibu nakala ili mkaguzi akiuliza namba zilizorukwa ziko wapi, jibu liwepo. Bakapu mpya ya msingi ichukuliwe usiku huohuo.