Namna ya kuuchunguza mkanda wa taimingi katika gari la zamani lililotembea sana

Mkanda wa taimingi huunganisha kranki iliyo chini ya injini na kamshafti iliyo juu, ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake pistoni zinapopanda na kushuka. Kranki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti. Mkanda ukiruka jino moja tu, injini hukosa nguvu. Mkanda ukikatika, injini huzimika papo hapo, na katika injini nyingi, hasa za dizeli, valvu zilizobaki wazi hugongwa na pistoni zikapinda. Kwa gari linalotoka Malindi kwenda Mombasa, kilomita zipatazo 120, au linalovuka daraja la Sabaki kuelekea Garsen na Lamu, ni afadhali ubovu huo ugunduliwe nyumbani kabla ya safari.

Kwanza hakikisha kwamba injini yako ina mkanda kweli, wala si cheni. Probox yenye injini ya 1NZ, ambayo imejaa mjini, hutumia cheni. Hiace na Hilux za dizeli zenye injini za 2L, 3L na 5L hutumia mkanda, na vivyo hivyo Land Cruiser za 1HZ zinazopeleka wageni Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Ikiwa injini huifahamu, itazame upande wa puli: kifuniko chepesi cha plastiki kilichofungwa kwa boliti ndogo ndogo mara nyingi huficha mkanda, ilhali kifuniko cha chuma kilichozibwa kwa silikoni mara nyingi ni cha cheni, kwa sababu cheni huzunguka ndani ya oili.

Kisha tafuta historia ya gari. Magari yaliyotoka Japani huenda yakawa na kibandiko ndani ya boneti, kimeandikwa kwa Kijapani, chenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Nambari zake zinasomeka hata kama maandishi hayasomeki, kwa hiyo usikibandue. Magari mengi ya dizeli ya Toyota yana pia taa ya T-BELT kwenye dashibodi, ambayo huwaka kilomita zilizowekwa zinapotimia, mara nyingi 100,000. Taa hiyo haiupimi mkanda. Huhesabu kilomita tu, na mtu anaweza kuizima bila kugusa mkanda wenyewe. Zaidi ya hayo, mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama, na joto huharakisha uzee huo. Gari ambalo hakuna ajuaye mkanda wake ulifungwa lini, mimi hulihesabu kuwa na mkanda uliokwisha muda, lionekanavyo na lionekane.

Kabla ya kufungua kifuniko cha juu, acha injini ipoe, chomoa ufunguo na uondoe waya wa hasi wa betri. Mulika kwa tochi, na utazame sehemu zote tatu za mkanda: mgongo, kingo na meno. Mgongo unaong'aa kama uliopigwa rangi umekauka na kuwa mgumu. Kingo zinazotoa nyuzi huonyesha kwamba puli mojawapo haiko sawa au beringi yake imelegea. Kisha uukunje mkanda taratibu kwa vidole ili mashina ya meno yafunguke, kwa kuwa ufa wa hatari huanzia pale jino linapoungana na mkanda, nao hauonekani mkanda ukiwa umenyooka. Mara nyingi mwenye gari husema, "Fundi, nitazamie tu kama umepasuka." Kutopasuka si ushahidi wa uzima. Mikanda ya mpira wa kisasa inaweza kuonekana mizima mpaka siku inapokatika, na ndiyo maana umri wake una uzito kuliko sura yake.

Oili ni jambo la kulichukulia kwa uzito mkubwa. Oili sili, yaani pete ya mpira inayozuia oili isitoke, ya kamshafti au ya kranki inapovuja, mpira hunywa oili ile, ukavimba na kulainika, na meno yakaanza kung'oka. Pitisha kidole upande wa ndani wa kifuniko: vumbi kavu jeusi ni msuguano wa kawaida, lakini tope la oili na mchanga maana yake ni kwamba sili lazima ibadilishwe pamoja na mkanda, la sivyo mkanda mpya nao utaharibika. Kifuniko kilichovunjika hupitisha mchanga, na mchanga wetu wa pwani hula meno na beringi kwa haraka. Tafuta pia michirizi ya maji chini ya pampu ya maji. Magari mengi huku hujazwa maji ya kisima yenye chumvi, nayo huila pampu kutoka ndani. Katika injini ambazo pampu huendeshwa na mkanda huu, kama Subaru za EJ, pampu ikikwama huukata mkanda.

Kuhusu sauti, mlio mkali wa asubuhi kwa kawaida hutoka kwenye mkanda wa feni au wa alteneta, kwa sababu mkanda wenye meno hautelezi hivyo. Uvue mkanda wa feni, kisha uwashe injini kwa sekunde chache tu: ukisikia bado mngurumo mkavu nyuma ya kifuniko, huenda beringi ya tensheni, yaani puli inayoukaza mkanda, imechoka.

Ikiwa gari linawaka kwa shida, linamisi au limepoteza nguvu ghafla, shuku kwamba mkanda umeruka jino. Katika dizeli za 2L, 3L na 5L, mkanda huohuo huendesha pampu ya dizeli, hivyo moshi na mlio wa injini inayogonga vinaweza kuwa dalili zake. Toa plagi, za moto au za kupashia, ili injini iwe nyepesi, kisha izungushe kwa spana kwenye boliti ya kranki, kwa upande uleule inakozunguka ikiwaka. Injini nyingi huzunguka kama mshale wa saa ukizitazama upande wa puli, ila baadhi ya Honda za zamani huzunguka kinyume. Alama ya taimingi iliyo kwenye puli ya kranki ikifika mahali pake na ile ya puli ya kamshafti isilingane na yake, zungusha mara moja zaidi kabla ya kuamua; isipolingana tena, taimingi imehama. Ukikuta kizuizi kigumu, usilazimishe.

Mkanda uliokatika hujulikana kwa stata inayozungusha injini kwa wepesi na kasi isiyo ya kawaida. Usiendelee kupiga stata. Fungua kifuniko cha kutilia oili, mtu mwingine aguse ufunguo mara moja tu, nawe utazame: kamshafti isipozunguka, mkanda umekwisha. Baada ya kufunga mkanda mpya na kuzungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, pima kompresheni ya kila silinda kabla ya kuwasha, na silinda ikisoma chini sana kuliko nyenzake, silinda hedi haina budi kufunguliwa valvu zikaguliwe.