Somo: Mifano ya nyaraka za majaribio isichakae

Wadau, salaam. Maelezo ya mwongozo wa majaribio yanaweza kubaki sahihi miaka mingi, lakini msimbo wa mfano hufa siku maktaba (msimbo wa wengine unaoutegemea) inapotoa toleo jipya. Aliyeuandika hana habari, maana kwake ulikubali. Anayekwama ni mgeni anayenakili mistari mitano, anapata hitilafu, halafu anadhani kosa ni lake.

Kabla hujaendelea kusoma, tafuta maneno haya kwenye nyaraka za timu yako. `assertEquals`, ya kulinganisha majibu: Python ilitoa onyo juu yake kwa zaidi ya miaka kumi, kisha ikaiondoa kabisa katika toleo 3.12 mwaka 2023. Inayotakiwa ni `assertEqual`. `find_element_by_id`: Selenium, maktaba ya kuendesha kivinjari, iliiondoa katika toleo 4.3 mwaka 2022, sasa ni `find_element(By.ID, ...)`. `@Before` ya Java: tangu JUnit 5 (maktaba ya majaribio ya Java) ya mwaka 2017 ni `@BeforeEach`. Usishangae yote matatu yakijitokeza.

Kusoma nyaraka upya kila baada ya muda hakusaidii sana. Jicho la mtu huuruka msimbo uliozoeleka. Mfano lazima uendeshwe na mashine, basi. Hapa natumia Python, lugha nyingine nitazigusa kwenye maswali.

Hatua ya 1: Ichambue mifano uliyonayo. Iko inayojitegemea, iko inayohitaji kitu cha nje kama kivinjari au hifadhidata, na iko ya kuonyesha tu, kama kipande kisichokamilika. Anza na ile inayojitegemea.

Hatua ya 2: Geuza mfano kuwa jaribio. Python ina moduli ya `doctest` ndani yake tangu toleo 2.1 la mwaka 2001, huhitaji kusakinisha kitu. Andika mfano jinsi unavyoonekana kwenye terminali:

    >>> def punguzo(bei, asilimia):
    ...     return bei - bei * asilimia / 100
    >>> punguzo(200, 10)
    180.0

Kisha toa amri `python -m doctest mwongozo.md`. Itaendesha kila mstari wenye `>>>` na kulinganisha jibu na ulichoandika chini yake. Ikinyamaza, mambo ni sawa. Ukiandika 180 badala ya 180.0 itakukatalia, na ina haki: msomaji wako angeona 180.0.

Hapa pana mtego unaowakatisha tamaa wengi. Kama unafunga msimbo wako kwa alama tatu za ``` kama ilivyo kawaida ya Markdown, `doctest` haizijui alama hizo. Kwake jibu huishia kwenye mstari mtupu au kwenye `>>>` inayofuata, kwa hiyo ``` ya kufungia itahesabiwa kuwa sehemu ya jibu na mfano sahihi utaonekana umefeli. Acha mstari mtupu kabla ya kufunga. Na kama jibu lenyewe lina mstari mtupu ndani yake, andika `<BLANKLINE>` mahali pake.

Hatua ya 3: Mifano mirefu isikae ndani ya nyaraka. Iweke kwenye faili la majaribio linaloendeshwa kila siku, nyaraka zichote kutoka humo. Kwenye Sphinx, programu ya kutengeneza nyaraka, kuna `literalinclude` inayovuta msimbo kutoka faili jingine. Tumia `start-after` na `end-before` pamoja na alama ulizoziweka kwenye maoni ya msimbo, usitumie namba za mistari. Mtu akiongeza mstari mmoja juu, namba zote zinahama na nyaraka zinaanza kuonyesha nusu ya kitu.

Hatua ya 4: Maonyo yawe hitilafu. Hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Karibu kila kinachoondolewa hutanguliwa na onyo, ila hakuna anayelisoma. Ukitumia `python -W error -m doctest mwongozo.md`, onyo linaangusha mfano leo, wakati njia ya zamani bado inafanya kazi na una nafasi ya kurekebisha bila presha.

Hatua ya 5: Endesha kwa ratiba. Mfano unaweza kuharibika bila mtu yeyote kugusa faili lako. Weka mizunguko miwili: mmoja wa matoleo uliyoyafunga (namba za maktaba ulizozichagua zisibadilike), kila msimbo unapobadilika, mwingine wa matoleo mapya kabisa, mara moja kwa wiki. Ukifeli wa kwanza, tafuta ndani ya timu. Ukifeli wa pili peke yake, kuna maktaba imebadilika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mifano yangu inatoa saa na anwani za kumbukumbu, kila mara jibu ni tofauti. Nifanyeje?

Weka `# doctest: +ELLIPSIS` mwishoni mwa mstari wa msimbo, kisha nukta tatu mahali panapobadilika. Kuwa bahili nazo, maana nukta tatu hukubali maandishi yoyote mahali zilipo. Kwa seti, chapisha `sorted(...)`, mpangilio utatulia.

Somo zuri. Ila mimi nataka kuonyesha jaribio linalofeli kwa makusudi. Si litaangusha kila kitu?

Haliangushi, ndugu. Andika `Traceback (most recent call last):` kisha aina ya hitilafu na ujumbe wake. `doctest` haijali mistari ya katikati. Ujumbe ukiwa unatofautiana kati ya matoleo, kuna chaguo la `IGNORE_EXCEPTION_DETAIL`, linalopuuza ujumbe.

Sisi tunatumia Go na Rust. Tumetengwa?

Mko mbele yetu. Kwenye Go andika kitendakazi kinachoanza na `Example`, na mwishoni uweke maoni ya `// Output:`. Bila maoni hayo mfano hukusanywa (compile) tu, hauendeshwi, na wengi hawalijui hilo. Kwenye Rust, `cargo test` huendesha yenyewe mifano iliyomo kwenye maelezo ya maktaba. Mfano unaogusa mtandao upe `no_run`, usiupe `ignore`. `no_run` angalau inahakikisha msimbo unakubalika kwa kikusanyaji.

Mwenzangu kila mfano ukifeli anaubandika `+SKIP`, ili `doctest` iuruke. Nimwambie nini?

Mwambie kila `+SKIP` iandikwe sababu kando yake, na asiyeiona sababu ana ruhusa ya kuufuta mfano wenyewe. Mwongozo wenye mifano minne inayofanya kazi una faida kuliko wenye ishirini ambayo nusu yake haieleweki kama ni mizima.

Na picha za skrini za ripoti za majaribio?

Zibadilishe ziwe maandishi popote inapowezekana. Zilizobaki, andika chini yake toleo la programu lililokuwa likitumika.